Simu ya Muoka Mikate

Kaka yangu Athumani alinipigia simu mwezi uliopita, nikiwa jikoni kwangu Landover, Marekani, nakaanga vitunguu, akaniambia hali ya mama si nzuri, nikate tiketi. Nikamuuliza yuko hospitali gani. Akasema, "Wewe njoo tu, Mwanaidi." Nikazima jiko. Mtu wa kwetu akishaambiwa "njoo tu" hana haja ya kuuliza zaidi. Kwetu habari ya kifo haimwagwi kwenye simu. Unaambiwa mgonjwa kazidiwa, unasafiri na tumaini lako la bure, na ukifika unakuta majamvi yameshatandikwa. Hapo ndipo anatafutwa mtu mzima wa kukushika mkono, na hata yeye anaanza kwa kukuuliza kama umekula. Sikumkasirikia Athumani. Alifanya alivyofundishwa, na ingekuwa zamu yangu ningemfanyia vile vile. Lakini ndani ya ndege, abiria wenzangu wamelala midomo wazi, sikumlilia mama peke yake. Nilimlilia pia mzee mmoja wa Kitaliano wa Greenbelt, ambaye mwaka niliokuwa nyumbani kwake nilimfanyia ustaarabu huu huu wa kwetu, nikamwondolea kitu ambacho hakuna mtu angeweza kumrudishia.

Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu. Ada ya chuo ilinishinda, nikaingia kwenye kazi ambayo sisi wengi tuliokwama tunaingia, ya kuhudumia wazee majumbani. Nilikuwa nimepanga chumba Beltsville pamoja na Njeri, Mkenya wa Nyeri aliyefanya kazi na wagonjwa walioko siku za mwisho, na kila asubuhi nilipanda basi kwenda Greenbelt, kwenye zile nyumba za zamani zilizoungana, zenye vijia vya miguu nyuma na bustani ndogo mbele. Mzee aliitwa Attilio. Alikuwa amepata kiharusi kidogo, mguu wa kulia ukawa mzito, na daktari alikuwa ameonya juu ya moyo wake. Mke wake nilimwita Signora kama alivyotaka mwenyewe, mwanamke mwembamba aliyepiga pasi hata taulo za jikoni. Walikuwa wameletwa Marekani na binti yao wa pekee, Paola, aliyefanya kazi kwenye kituo cha utafiti wa anga pale jirani na ambaye kazi ilimsafirisha kila mara. Mzee alikuwa amejifunza Kiingereza ukubwani, chake kibovu na changu cha shule, tukaelewana vizuri kuliko wote mle ndani. Wiki ya pili nikaacha kumwita kwa jina. Nilimwita Babu, nikamweleza maana yake, akafurahi kama amepandishwa cheo.

Jikoni kwao ndipo nilipoacha kujiona mgeni. Siku ya kwanza Signora alisonga ugali. Ulikuwa wa njano, aliusonga kwa mwiko mrefu kwenye sufuria zito, akaumwaga juu ya ubao na kuukata vipande kwa uzi. Nikauliza kama na wao wanakula ugali, nikajibiwa kwa kiburi kwamba hicho ni chakula cha mkoa wao tu, duniani hakuna kwingine. Nikakata kipande, nikakifinyanga kwa vidole, nikachovya kwenye maharage. Babu alinitazama, akaweka uma wake chini, naye akafinyanga. Signora alisema kitu kirefu kwa Kitaliano, na sikuhitaji kutafsiriwa. Baada ya kula Babu alitoa karata, akaanza kunieleza mchezo wa kwao, na kabla hajafika nusu nikamwambia huu naujua, ni wahedi wa sitini, wajomba zangu wamegombana kwa ajili yake miaka yote. Tofauti ilikuwa ndogo. Kwetu inayotesa ni saba, kwao ni tatu. Alinifunga mchezo wa kwanza, nikamfunga wa pili, na toka siku hiyo tulicheza kila siku, yeye akiiba na mimi nikijifanya sijaona.

Ilikuwa katika karata hizo, kidogo kidogo, ndipo aliponipa habari za benki. Jina lake silitaji, haipo tena. Alikuwa meneja wa tawi katika mji wake kwa miaka ishirini na minne. Benki ile, alisema, ilianzishwa na padri na wafugaji kwenye chumba kimoja nyuma ya duka la maziwa, ili mkulima asiende kumpigia magoti tajiri wa mjini. Ilikopesha watengeneza viti, washona viatu, wenye mashamba ya mizabibu. Meneja hakuuliza karatasi, aliuliza baba yako ni nani na mwaka jana ulivuna nini. Mtu akipata mtoto alimnunulia hisa za benki kama zawadi ya ubatizo. Hisa zile haziuzwi sokoni, bei yake hupangwa kila mwaka na wakubwa wa benki wenyewe, na kila mwaka ilipanda. "Kila mwaka," Babu alisema, akigonga karata mezani. "Hakuna aliyeuliza kwa nini. Mimi mwenyewe nilidhani ni kama watoto, lazima wakue." Benki ikavimba. Ikanunua jumba la kale lenye picha kwenye dari, ikafungua matawi hadi nchi nyingine, na wakubwa wakaanza kuwaambia mameneja kwamba anayetaka mkopo anunue hisa kwanza. Babu aliziuza. Alimwuzia mkunga, mwalimu mkuu, mdogo wake mwenyewe. Watu walinunua kwa sababu ni Attilio, wanakutana naye kanisani, anajua mbwa wao wanaitwa nani. Benki ilipoanguka, hisa za maisha yao yote hazikutosha kununua viatu.

Kati ya wote hao alikuwepo Bepi, muoka mikate. Nyumba zao ziligawana ukuta mmoja, walikua pamoja, wakaoa mwaka mmoja. Bepi alikuwa ameweka kwenye hisa pesa za shamba la baba yake, alilouza ili wajukuu wapate kianzio. Mkutano wa wenye hisa ulipofanyika na ukweli ukasemwa, Bepi alitoka ukumbini, akampita Babu mlangoni bila kumtazama, na hakumsemesha tena mpaka siku Paola alipowapakia kwenye ndege. "Wengine wananipigia kunitukana," Babu aliniambia. "Wana haki. Bepi hapigi. Ningependa anitukane mara moja tu, Idi, halafu nife." Alinifupisha jina hivyo. Simu ilikuwa ya ukutani jikoni, yenye waya mrefu unaofika mezani, na kwa kuwa saa za kwao zinatangulia, ililia asubuhi, tukiwa na kahawa. Kila ikilia aliinua uso. "Ni Bepi?" Signora alikuwa ameniamuru kwamba simu yoyote ya kutoka kwao nijibu Babu amelala, moyo wake hautaki kelele. Basi nilijibu amelala, na yeye nikamwambia ni watu wa matangazo. Nilisema uongo huo mara nyingi kiasi kwamba haukunikwaza tena kooni.

Mwisho wa majira ya baridi, siku ya Jumanne, Signora alikuwa ameenda saluni na Paola alikuwa safarini kikazi hadi Jumapili. Babu alikuwa sebuleni anapanga karata. Simu ikalia, nikapokea, na msichana akazungumza nami Kiingereza safi. Alisema yeye ni mjukuu wa Bepi. Babu yake alikuwa ametolewa hospitali na kurudishwa nyumbani, kwa sababu madaktari hawana tena la kufanya, na tangu jana anaomba kitu kimoja tu, azungumze na Attilio. "Yuko hapa pembeni yangu," alisema. "Nimpe simu?" Nilisikia pumzi za mtu mzee, karibu sana.

Nimeirudia dakika hiyo mara nyingi kuliko dakika yoyote ya maisha yangu. Kati ya jikoni na sebule kulikuwa na hatua saba. Ningeziruka. Lakini sikuwaza kuhusu furaha ya Babu hata kidogo. Niliwaza kwamba rafiki yake anakufa, na kwamba habari kama hiyo haimfikii mtu mzima akiwa peke yake, tumbo tupu, mke hayupo, binti hayupo, mbele ya msichana wa kazi. Niliona aibu kwa niaba yao. Kama mimi ndiye ningemmwagia, na moyo wake ukasimama pale pale kwenye karata, ningejibu nini? Nikasema, "Amelala. Akiamka nitamwambia." Msichana akasema taratibu, "Tafadhali. Leo." Nikaandika namba nyuma ya risiti. Babu akaita kutoka sebuleni, "Ni Bepi?" Nikamwambia ni watu wa matangazo.

Signora aliporudi nywele zimepangwa, nilimvuta chumba cha kufulia nguo nikamweleza yote. Alikaa juu ya kikapu cha nguo chafu, akafanya ishara ya msalaba. Kisha akasema maneno ambayo, Mungu anisamehe, yalinifurahisha. "Umefanya vizuri. Tutamwambia Jumapili. Paola atakuwepo. Tutakula kwanza, tutakunywa kahawa, halafu nitaanza mimi, polepole." Nilimpenda siku hiyo. Nikaona kumbe hawa ni watu kama sisi, wana heshima, wanajua habari ina wakati wake na mlango wake. Nilirudi Beltsville kwenye basi nikijisifu moyoni. Namwona yule msichana niliyekuwa, kwenye kiti cha basi, na begi lake magotini, na natamani kumtikisa.

Alhamisi simu ililia tena. Nikajua kabla sijapokea. "Bado anasubiri," yule mjukuu alisema, sauti imeshapungua. Babu alikuwa amekaa mbele yangu, ananitazama moja kwa moja, karata tatu mkononi. Nikasema kwenye simu, kwa Kiingereza, mbele ya macho yake, "Ameenda kwa daktari." Kisha nikakata. Mtu mwingine angegundua pale pale. Nadhani aligundua kitu, maana hakuuliza haraka. Alicheza karata yake, nikacheza yangu, akakusanya. "Haikuwa Bepi?" Nikamwambia, "Hapana, Babu." Huo ndio uongo ninaoukumbuka kwa sauti yake, kwa sababu ule mwingine wote niliagizwa na huu nilimpa mwenyewe.

Ijumaa jioni nilimweleza Njeri, anasukuma chapati na mimi nageuza kikaangoni. Nilitarajia asifu. Aliacha kusukuma.

"Wait. Huyo mzee ako alive, anataka kuongea, na wewe umemwekea appointment ya Sunday?"

"Si mimi. Mke wake ndiye kasema. Na haifai kumwambia mtu hivi hivi, Njeri. Kwenu mnafanyaje?"

"Hata sisi tunaficha, usinione. Lakini mimi nimekaa na hao watu, Mwanaidi. Kila day niko nao. Mgonjwa akisema nataka kuongea na fulani, ni leo. Si Sunday. Akishaomba hivyo unam-dialia, unamshikia simu kwa sikio. Hakuna kitu ingine ya kufanya."

"Na moyo wa Babu ukishindwa?"

"Atakuwa ameongea na rafiki yake. Wewe unaogopa nini haswa? Ama unaogopa ukionekana umedanganya?"

Nilimjibu vibaya. Nilimwambia yeye amezoea maiti ndiyo maana hana adabu. Njeri akachukua unga mwingine. Alikuwa amegusa penyewe. Mpaka Ijumaa, kumwambia Babu ukweli kulimaanisha kumwambia pia kwamba Jumanne nilimdanganya na Alhamisi nikamdanganya tena, na kila siku iliyopita iliongeza uzito wa kusema. Jumamosi haikuwa siku yangu ya kazi. Risiti yenye namba ilikuwa kwenye mkoba wangu, na ningeweza kupanda basi, au kupiga simu na kumwomba Signora ampe Babu. Niliosha nguo. Nilisuka nywele za Njeri kwa kumwomba radhi. Nilijiambia Jumapili si mbali.

Jumapili nilialikwa kama mgeni, si kama mhudumu. Paola alikuwa amerudi na macho mekundu, nikadhani ni uchovu wa ndege. Palikuwa na sungura, ugali wao, na yale majani mekundu machungu anayoyapenda Babu. Signora alimwekea Babu vipande vizuri, akamjazia glasi kabla hajamaliza, na hakuna aliyezungumza isipokuwa yeye Babu, aliyekuwa anaeleza jinsi ng'ombe wa mashamba ya serikali pale Beltsville walivyokonda, aibu kwa taifa kubwa. Kahawa ikaja. Signora akaweka mkono juu ya mkono wake. "Attilio," alisema kwa Kiingereza, nadhani kwa ajili yangu, "Bepi anaumwa." Nilikuwa nimeisikia sauti ile katika misiba yote ya kwetu. Ndipo nikamtazama Paola, nikaelewa kwa nini macho yake ni mekundu.

Babu pia alielewa. "Amekufa lini?"

"Jana asubuhi," alisema Paola. "Mjukuu wake alinipigia mimi."

"Na mlijua anaumwa toka lini?"

Signora alianza kusema jambo la madaktari na moyo. Nikamkatiza, na sikuwahi kumkatiza mtu mzima katika maisha yangu. Nilisema, "Jumanne, Babu. Alitaka kuzungumza na wewe. Alikuwa pale pale kwenye simu. Mimi ndiye niliyepokea. Na Alhamisi walipiga tena, ulikuwa umekaa mbele yangu." Paola alifunika uso. Mimi nilikuwa nalia waziwazi, makamasi na yote, nikieleza kwa Kiingereza kilichovunjika kwamba kwetu mtu haambiwi hivi hivi, anasubiriwa, anakula kwanza, na watu wake wakiwepo.

Babu alisikiliza mpaka nikamaliza. Alikuwa anazungusha kikombe kitupu juu ya kisahani. "Mimi nilipata barua kutoka makao makuu mwezi wa kumi na mbili," alisema. "Ilisema kwamba anayetaka kuuza hisa asikataliwe, aambiwe asubiri, na asielezwe sababu. Nikaelewa benki inazama. Miaka yote ile, nilielewa siku moja. Mwezi wa pili Bepi akaja dirishani kwangu, amevaa bado aproni ya unga. Alitaka kuuza, anunue tanuri jipya. Bado njia ilikuwepo. Jina lake ningeliweka juu kwenye orodha ya wanaouza, ningeligombania. Lakini ilikuwa mchana, watu kwenye foleni, na yeye amechoka. Nikasema moyoni, habari kama hii siwezi kumpa amesimama. Nitaenda nyumbani kwake, jioni, Rina mkewe akiwepo, tutakula, kisha nitaanza polepole. Nikamwambia, Bepi, subiri Pasaka." Aliacha kuzungusha kikombe. "Sikwenda. Jioni ya kwanza mvua ilinyesha. Halafu nikaona nimechelewa kidogo, nitamwelezaje nimechelewa. Basi nikachelewa zaidi."

Aliniomba nimletee simu. Signora akasema, "Attilio, si leo," na yeye akaanza kubonyeza. Namba hakuhitaji kuandikiwa. Alijishika mezani akasimama kwa mguu wake mbovu, na alipozungumza alitaja jina la Rina, na baada ya hapo hakusema kitu ila "ndiyo" ya kwao, tena na tena, muda mrefu. Tulisikia sauti ya mwanamke kwa mbali, haikuwa ya kupaza. Nilimwekea kiti nyuma yake, akakisukuma kwa mkono. Alisikiliza amesimama hadi mwisho, kisha akanirudishia simu.

Paola akamuuliza amesema nini.

"Amesema Bepi alilala na simu kwenye mto, karibu na sikio, siku nne. Walitaka kuiondoa ili ageuke vizuri, akakataa. Alisema Attilio akiamka atapiga." Babu akakaa. "Kisha amesema nisipige tena."

Watu wameniambia, Njeri akiwa wa kwanza, kwamba labda Bepi alitaka kumlaani tu, na kwamba huenda nilimkinga mzee na jambo baya zaidi. Inawezekana. Hata laana Babu alikuwa ameiomba, aliniambia mimi mwenyewe kwa mdomo wake, na nilikuwa nayo mkononi, inapumua. Jumapili ile niliondoa vikombe, nikaosha, nikafuta meza, nikarudi nikakaa kwenye kiti nilichokuwa nimemwekea. Signora alikuwa amepanda juu, na Paola alikuwa bustanini na simu yake. Tulibaki wawili. Nilikaa pale mpaka basi langu la mwisho likakaribia, nikisubiri anitukane, na hakunitukana.